Je, nihamie Lushoto nikistaafu? Na kwa nini wengi waliohamia huko wamerudi Dar es Salaam?

#1 Mzee wa Kimara

Wanajamvi, salaam. Nina umri wa miaka 57, ni mtumishi wa umma, na nimebakiza miaka mitatu kufikia kustaafu kwa lazima. Nimeishi Dar es Salaam tangu mwaka 1991, na kwa miaka ishirini sasa nimekuwa nikiamka saa kumi usiku ili niwahi kazini kabla Barabara ya Morogoro haijafunga. Lushoto, kule kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, nimekwenda kikazi mara nne. Kila ninapopanda kutoka Mombo nahisi kifua kinafunguka, na kila ninaposhuka joto hunipokea pale chini kama mtu anayenidai. Nimeanza kufikiria kuuza nyumba ya Kimara, kununua kiwanja huko juu na kujenga nyumba ndogo ya vyumba viwili, nikae kwa utulivu nikiwa bado nina nguvu za kushika jembe.

Kinachonitatiza ni hiki. Nawafahamu watu watano waliohamia Lushoto na vijiji vya jirani ndani ya miaka kumi hii, na wanne kati yao wamesharudi. Nimewauliza wote wanne. Kila mmoja ana sababu yake, na wawili wana sababu zisizofanana na zile wanazozitoa wake zao. Naomba wenye uzoefu mnieleze ni nini hasa kinachowarudisha watu mjini, kwa maana nisingependa kuwa wa tano kurudi.

#2 Mgosi wa Soni

Karibu sana mzee wangu. Kwanza ungetuambia ni Lushoto ipi unayoikusudia, kwa sababu Lushoto mjini, Soni, Magamba na Mlalo ni sehemu nne zenye tabia nne. Mjini ni mwinuko wa mita 1,400 hivi, lakini ukipanda kuelekea Magamba na Shume unaongeza mita mia kadhaa na sweta moja inakuwa mbili. Wengi waliorudi walikuja kutazama viwanja mwezi wa Desemba au Januari, wakakuta plamu zinauzwa kandokando ya barabara na jua la kupendeza, wakalipa hapohapo. Julai ndiyo iliyowafundisha. Usiku wa mwezi huo joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake, ukungu huweza kukaa hadi saa nne asubuhi, na nguo uliyofua Jumatatu unaweza kuianua Alhamisi ikiwa bado na unyevu kwenye mishono. Mimi nasema ni baridi, wala tusitafute mchawi.

Pia usije ukidhani kwamba milima hii haina watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika wilaya, wakati huo Bumbuli ikiwa ndani yake. Kila kipande cha mteremko kina mwenyewe, hata kile unachokiona kimeota magugu. Tulichopungukiwa ni magari tu. Jogoo, adhana, kengele ya kanisa na mashine ya kusaga vitakuamsha kama kawaida.

Na mama watoto anasemaje kuhusu mpango huu?

#3 Dereva wa Zamani

Mgosi, baridi haijamrudisha mtu mzima mjini hata siku moja, kwani blanketi linauzwa. Nimeendesha basi la Dar es Salaam na Lushoto kwa miaka kumi na minne na nimewapandisha hao wahamiaji pamoja na makabati yao, kisha nikawashusha na makabati yaleyale. Kinachowarudisha ni barabara, na sisemi ubovu wake, maana zile kilomita 33 kutoka Mombo ni za lami. Nasema idadi ya safari. Mtu aliyeishi Dar es Salaam miaka thelathini amezika huko, ameozesha watoto huko, amedhamini mikopo ya watu huko. Mwaka wa kwanza atashuka kila mwezi: msiba wa jirani wa zamani, ubarikio wa mtoto wa rafiki, kikao cha harusi, kipaimara. Mwaka wa pili nauli na magoti vinamshinda, anaanza kutuma rambirambi kwa simu, na watu wanaanza kumsema. Hapo ndipo anapogundua kwamba alihamisha kitanda peke yake.

Kwenye masika ongeza maporomoko. Mlima ukishuka kati ya Mombo na Soni, unasubiri mitambo ije kufukua, au unazunguka Bumbuli hadi Korogwe kwa njia ya udongo ambayo wakati huohuo wa mvua siishauri kwa mtu yeyote. Mtasema mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena tangu Oktoba 2023. Ni kweli, lakini ukishushwa Mombo saa nane usiku, ni nani atakayekupandisha kwenye zile kona na ukungu wake?

#4 Nesi Mstaafu

Naomba kutofautiana na ndugu zangu wote wawili. Mleta uzi anatupa umri wake wa sasa, yaani miaka 57, ilhali mtu anayepanga makazi ya uzeeni anatakiwa afanye hesabu akiwa na miaka 72. Ugonjwa wa presha au kisukari unaofuatiliwa kila mwezi hauna tatizo kubwa, unaweza kuhudhuria kliniki hukohuko. Shida ni ile siku moja ambayo daktari atasema inahitajika rufaa, kwani iwe ni hospitali ya Bombo mjini Tanga au ya KCMC mjini Moshi, ni lazima kwanza ushuke hadi Mombo. Nimewahi kumsindikiza mgonjwa kwenye ile barabara, na sitaki kuisimulia hapa. Ndugu wanne waliorudi, ukiwachunguza vizuri, utakuta angalau mmoja wao au mke wake ana kadi ya kliniki ambayo hakuitaja.

Kuhusu baridi ya Mgosi, ninaikubali kwa nusu. Katika miaka yangu ya kazi, wageni wengi waliokuja wakilalamikia kifua cha baridi walikuwa wanaugua moshi. Mtu wa Dar es Salaam akihisi ubaridi hufunga madirisha yote, huwasha jiko la mkaa ndani na hulala nalo. Hilo halidhuru kifua peke yake, linaua. Nyumba za zamani zilizojengwa na Wazungu zina dohani ya kutolea moshi ukutani, lakini mafundi wa leo wanakujengea nyumba ya Kimara juu ya mlima, yenye madirisha makubwa ya vioo na dari ya kuvutia joto lipande likapotee.

Malaria ni kidogo huko juu kuliko Mombo na Korogwe, hilo ni faida ya kweli. Lakini wenyeji wa makamo wataikumbuka tauni, iliyoanza kuripotiwa wilayani mwaka 1980 na kujirudia kwa zaidi ya miaka ishirini katika baadhi ya vijiji. Sisemi hivyo ili kutisha mtu. Nasema kwa sababu wageni hupenda kuhifadhi mahindi yao darini juu ya chumba cha kulala, kisha wanashangaa panya wametoka wapi.

#5 Kijana wa Tegeta

Wazee mnamtisha bure mzee mwenzenu. Kama Wajerumani waliifanya Lushoto kuwa makao makuu ya nchi hii, basi waliona kwamba panafaa kuishi. Leo tuna umeme, simu na gesi, halafu mnaogopa ukungu.

#6 Mwalimu wa Historia

Kijana, hapo umeteleza. Makao makuu ya utawala wa Kijerumani yalikuwa Bagamoyo, yakahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, na yakabaki hapo. Lushoto, ambayo waliiita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao, ilikuwa kituo cha wilaya na mahali pa wakubwa kupunga hewa wakati wa joto la pwani. Hata hao hawakuja kustaafu. Walikuja kwa majira, wakiwa na watu wa kuwachanjia kuni, kisha wakateremka.

Kwa kuwa nimeshaingia, niongeze jambo ambalo naliona lina uzito kuliko baridi na barabara. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuwalazimisha wakulima kutengeneza matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kitaalamu ulikuwa na hoja. Watu waliukataa, wakalimishwa kwa faini na vitisho, na kufikia mwaka 1957 mpango wote ulikuwa umekufa. Sasa mstaafu wa kutoka mjini anawasili, na wiki ya pili anamweleza jirani yake aliyezaliwa pale jinsi ya kupanda mahindi. Jirani anaitikia kwa adabu zote, na tangu siku hiyo hamshirikishi chochote. Ninaamini wengi wanarudi kwa sababu walikwenda kufundisha.

#7 Mgosi wa Soni

Mwalimu umenikumbusha babu yangu, ambaye hadi anakufa alikuwa halitaji neno "tuta" bila kutema mate. Lakini usisahau upande wa pili. Mbegha, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi pale Vuga, hakuwa Msambaa. Masimulizi yetu yanasema alikuwa mwindaji aliyetoka milima ya Unguu, akawaua nguruwe waliokuwa wakila mazao ya watu, akagawa nyama, na watu wakampa ufalme. Kwa hiyo hatuna tabia ya kumkataa mgeni. Tunatazama tu amekuja na nini mkononi.

Mleta uzi hajajibu swali langu kuhusu mama watoto.

#8 Mzee wa Kimara

Nawashukuru kwa michango hii. Sikuwa nimefikiria habari ya dohani hata kidogo, na hesabu ya Dereva kuhusu misiba imenifanya nichukue karatasi: mwaka jana pekee nilihudhuria misiba kumi na saba hapa mjini. Eneo ninalolikusudia ni kati ya Lushoto mjini na Magamba. Mtaji ungetoka katika mauzo ya nyumba pamoja na mafao ya mkupuo ambayo, kwa kikokotoo cha pensheni, ni asilimia 33. Nguruwe sina uwezo wa kuwinda, labda nije na mbegu za mihogo ya Nachingwea nilikozaliwa.

#9 Mfanyabiashara wa Shimoni

Mzee, kwanza nikusahihishe kwa faida yako: tangu bajeti ya mwaka 2024/25 ile asilimia 33 ilipandishwa kuwa 40. Kaihakikishe kwa mfuko wako.

Pili, nimenunua mboga Lukozi na Lushoto kwa miaka kumi na moja nikizileta Kariakoo, na sababu ninayoiona mimi ni fedha. Mstaafu anafika na hesabu ya kwenye simu: ekari moja ya kabichi, vichwa kadhaa, bei ya Dar es Salaam, faida hii hapa. Hesabu hiyo haina dalali, haina ushuru, haina lumbesa ambamo gunia moja linabeba karibu gunia na nusu, na haina ile wiki ambayo mlima mzima umevuna pamoja. Nimeona kwa macho yangu mtu aliyekuwa mhasibu mkuu wa taasisi akiwapa ng'ombe kabichi zake zote kwa sababu gharama ya kuzifikisha barabarani ilizidi bei. Msimu wa pili alijaribu karoti. Msimu wa tatu alikuwa ananipigia simu kuniuliza kama kuna chumba cha kupanga Ilala.

Mihogo usiilete kule, tafadhali.

#10 Nimerudi Tabata

Nimesoma kimyakimya tangu jana, na kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao waliorudi, naona ni haki niseme. Nilikaa miaka miwili na miezi mitano. Hapa mjini nimewaambia watu kwamba mke wangu alisumbuliwa na baridi, na hata yeye ameizoea hadithi hiyo. Ukweli ni mwingine.

Kule mlimani, ukitoka nje asubuhi, kila unayekutana naye atakusalimu, atauliza habari za nyumbani, kisha atakuuliza unakwenda wapi. Hana nia ya kukupeleleza, ni salamu tu kama salamu nyingine. Mwanzoni nilijibu kwamba nanyoosha miguu. Kufikia mwezi wa nne niliona wananiangalia kwa huruma, kwa sababu pale kila mtu alikuwa anakwenda mahali: shamba, gulio, kisimani, kwa mgonjwa, kwenye kikao. Mimi nilikuwa mkurugenzi msaidizi kwa miaka tisa, watu walinisubiri mlangoni wakiwa na mafaili, na sasa sikuwa na jibu la swali la mtoto wa darasa la pili. Nikaanza kupitia njia ya nyuma ya nyumba. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha, nikateleza kwenye ile njia nikavunjika mkono, na hata hospitali sikuweza kueleza nilikuwa natafuta nini huko nyuma.

Kwa hiyo Dereva, Nesi na Mfanyabiashara wote wamesema ya kweli, lakini hayo hayakunihusu. Fedha nilikuwa nazo.

#11 Bibi wa Kwemashai

Ndugu yangu wa Tabata, pole kwa mkono. Swali hilohilo ndilo lililoniokoa mimi.

Nilihamia hapa mwaka 2014 pamoja na mume wangu. Siku ya tatu, vyombo vikiwa bado ndani ya maboksi, nilisikia kilio nyumba ya tano kutoka kwetu. Sikumjua marehemu wala ukoo wake. Nilijifunga kanga nikaenda, nikaketi na wanawake, nikapewa ungo wa maharage nichambue. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani hadi jioni, na aliponiuliza nilikuwa tayari nimemenya ndizi pamoja nao. Tangu hapo nikiulizwa ninakwenda wapi, huwa kweli ninakwenda mahali. Kisambaa changu kinachekesha hadi leo, na wajukuu wa majirani hunisahihisha kwa furaha kubwa.

Nilisahau kusema kwamba mume wangu ni mmoja wa waliorudi. Yuko Ubungo, anakuja Pasaka na Krismasi, tunaelewana vizuri kuliko tulivyowahi kuelewana. Yeye atawaambia kwamba tatizo lilikuwa intaneti.

#12 Dereva wa Zamani

Bibi wa Kwemashai, mumeo nimempandisha mara nyingi bila kujua kwamba ni yeye! Anayebeba redio kubwa?

#13 Bibi wa Kwemashai

Ndiye huyohuyo.

#14 Fundi wa Programu

Kuhusu intaneti, nimtetee kidogo mzee wa Ubungo. Nilifanya kazi nikiwa Lushoto kwa miezi minane, nikiandika programu kwa wateja wa nje. Mjini mtandao wa simu ulinitosha kwa kazi nyingi, lakini ukiingia upande wa pili wa kilima mawimbi yanakatwa na mlima wenyewe, hivyo nyumba mbili zinazotazamana huweza kuwa na hali tofauti kabisa. Kabla hujalipia kiwanja, simama katikati yake na laini za kampuni tatu tofauti, upige simu, upakue faili, na ufanye hivyo wakati wa mvua. Umeme nao hukatika upepo unapoangusha matawi kwenye nyaya. Nilinunua betri na paneli, nikasahau habari hiyo. Niliondoka kwa sababu nilikuwa na miaka 29 na nilitaka kuoa, na kila binti niliyemfahamu pale alikuwa anajiandaa kwenda Dar es Salaam.

#15 Mpima Ardhi

Nimeona mjadala umezunguka hewa na mioyo ya watu, lakini hakuna aliyegusa ardhi yenyewe, wakati migogoro niliyoikuta kazini inatosha kumrudisha mtu mjini hata kama anaipenda baridi. Mleta uzi anasema eneo lake liko kati ya mjini na Magamba. Anapaswa kujua kwanza kama kiwanja hicho kipo ndani ya eneo la mji lililopimwa au ni ardhi ya kijiji, kwa sababu hiyo ni dunia mbili. Ya kwanza iko chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ya pili iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo. Katika ardhi ya kijiji, karatasi aliyokuandikia mwenye shamba mbele ya mashahidi wawili na balozi wa nyumba kumi haitoshi. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoshughulikia maombi, na haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Tena uchunguze ukoo. Kwa miteremko yetu, shamba moja laweza kuwa limerithiwa na ndugu saba, watatu wakiwa Tanga na mmoja Mombasa, na anayekuuzia ni yule aliyebaki nyumbani.

Vilevile uangalie mpaka wa hifadhi ya Magamba kwa ramani. Usiridhike na kidole cha mwenye shamba.

Sasa jambo la mwisho, ambalo Mgosi amelizunguka kwa utani. Nyumba ya Kimara, kama ndiyo makazi ya familia, haiuziki bila ridhaa ya mkeo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinailinda nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ardhi nayo inahitaji ridhaa ya mwenza. Kwa hiyo swali la Mgosi si la utani, ni la kisheria.

#16 Mgosi wa Soni

Nashukuru kwa kupewa kifungu. Narudia basi kwa mujibu wa kifungu cha 59: mama watoto anasemaje?

#17 Mtaita wa Wundanyi

Hamjambo majirani. Mimi niko ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Taita, na ninyi mkisema Mombo na Lushoto mimi nasikia Mwatate na Wundanyi. Niliacha kazi ya bandari Mombasa nikarudi mlimani kwa wazazi wangu, kwa hiyo mimi si mgeni, na bado yote mliyoyataja yamenipata. Ninataka kuongeza moja tu ambalo kwetu huulizwa waziwazi na wazee kabla hujapewa hata kikombe cha chai: ukifa utazikwa wapi? Mtu ambaye jibu lake ni kwingine huhesabiwa kuwa ni mpangaji, hata akijenga ghorofa. Hawamchukii. Hawamtegemei tu. Kuna daktari mstaafu hapa, mtu wa bara, ambaye aliishi miaka mitatu akilalamika kwamba watu hawamwiti kwenye vikao. Mwaka wa nne alimzika mama yake mzazi ndani ya boma lake la hapa. Sasa analalamika kwamba vikao ni vingi mno.

Mzee wa Kimara amesema alizaliwa Nachingwea. Je, makaburi yake yako wapi?

#18 Mzee wa Kimara

Ndugu Mtaita, swali lako limenikalia usiku mzima. Wazazi wangu wamelala Nachingwea, na mtoto wetu wa kwanza amelala Kinondoni. Kwangu mwenyewe sijawahi kufikiria.

Bwana Mpima Ardhi na Mgosi, nakiri kwamba mke wangu sijamweleza. Nilitaka kwanza niwe na majibu kamili, ili nikimweleza asinipate na pengo. Nitamweleza mwishoni mwa wiki hii.

#19 Nesi Mstaafu

Umebakiza miaka mitatu kustaafu, na mwenye nusu ya nyumba hajui! Nafuta utabiri wangu wa kadi ya kliniki. Hao wanne walirudi kwa sababu hii hapa, na ndiyo maana sababu za waume hazifanani na za wake.

#20 Mfanyabiashara wa Shimoni

Nesi, usiondoke kwenye hesabu haraka hivyo. Mhasibu wangu wa kabichi mke wake ndiye aliyependekeza kuhama, na ndiye aliyechagua shamba.

#21 Bibi wa Kwemashai

Nami mume wangu ndiye aliyenileta, kwa hiyo Nesi, hesabu yako haifungi hata kwangu. Mzee wa Kimara, usimweleze. Mlete. Njooni mpange chumba kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Agosti, mkae hizo wiki kumi na tatu bila kununua hata jembe. Chukua likizo yako ya mwaka, na siku zitakazopungua umwache yeye peke yake huku, wewe urudi kazini. Siku ya Jumapili, ambayo ni ya soko, mtume yeye mwenyewe akanunue viazi, wala usimsindikize.

#22 Nimerudi Tabata

Naunga mkono habari ya kupanga kwanza, ila wiki kumi na tatu hazitamwonyesha lile lililonikuta mimi, kwani kwa miezi mitatu mtu bado ni mgeni na kila kitu ni matembezi. Lilinianza mwezi wa nne.

#23 Mzee wa Kimara

Narejea na taarifa. Nimemweleza juzi baada ya chakula cha jioni, kwa utaratibu, nikianza na hewa, nikaja kwenye gharama, nikamalizia na dohani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitia hofu. Kisha akauliza kuhusu kikoba chake. Yeye ni mweka hazina, wana hisa za mwaka mzima, kuna mikopo mitatu ambayo haijarejeshwa, na hawavunji hadi Desemba. Akasema kwamba hawezi kuondoka na madaftari ya watu, wala hawezi kumkabidhi huyo mama anayemfuatia kwa sababu ambazo mimi nazijua. Baridi hakuitaja, hospitali hakuitaja, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hayo yote. Jioni iliyofuata, akiwa anapika, aliniuliza kama kweli huko juu kahawa huota uani.

#24 Bibi wa Kwemashai

Mwambie huota, na ninayo mitano uani kwangu. Vikoba vipo pia, ila hatutampa uweka hazina mwaka wa kwanza, atuwie radhi.

#25 Dereva wa Zamani

Mkija Juni mniambie mapema niwaelekeze basi la asubuhi. Na yule mama asipakie makabati.

#26 Mgosi wa Soni

Sweta msinunue kwa bei za dukani huko Dar es Salaam. Mitumba ya hapa gulioni ni mizito zaidi, maana wauzaji wetu wanajua wanamuuzia nani. Chukueni mbilimbili.